Miji Niliyompa Mdogo Wangu

Juzi nilitoka mtaani Yoba, hapa Gitega ninapoishi, nikaenda kwenye kilima chetu cha Muyinga. Nyumba ya bibi haipo. Walionunua shamba wamepanda muhogo mpaka pale palipokuwa na jiko. Nilisimama katikati ya muhogo wa watu nikalia, ndugu yangu, wala sikuona haya.

Nilipokuwa mtoto tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukamkuta bibi ambaye yeye hakukimbia. Ndiyo kwanza tumeanza kuzoea moshi wa mikaratusi na uji wa mtama, surua ikaingia kilimani. Jirani yetu, mama wa Kikongomani aliyeuza chumvi na sabuni, alimtazama mdogo wangu mara moja tu. "Iko na surua, mama. Huyu dada yake asimukaribie."

Basi akalazwa jikoni, gizani, maana macho yake hayakutaka mwanga. Mama alishinda kwenye foleni ya zahanati, akirudi mikono mitupu. Bibi alikuwa na neno lake: mtoto akinyamaza, ugonjwa unadhani nyumba haina mtu. Akaniweka nje, nyuma ya ukuta wa jiko, na ungo wa maharage ya kuchambua, nizungumze naye.

Tulitegana vitendawili. Bibi alivianza kwa Kirundi, "Sokwe!", ambalo kwake si mnyama bali wito wa kutega, lakini sisi watoto wa kambini tulijua "Kitendawili!" na "Tega!", na ile desturi kwamba ukishindwa unatoa mji, kisha mwenzako anakwambia jibu. Bibi alitucheka. Eti huko Tanzania watu wanagawa miji kama maharage.

Mdogo wangu alipenda kupewa Gitega, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. "Nimefika Gitega," alikuwa akisema kwa sauti ya mtu mzima, "wamenipa kiti, wamenichinjia mbuzi." Kwa hiyo nilishindwa makusudi. Hata kile cha nyumba isiyo na mlango, yai ambalo kila mtoto analijua, nilisema silijui, ili tu nimsikie akila mbuzi wake.

Sauti ikazidi kuwa nyembamba. Siku aliyokataa uji, mchana, akaniita mwenyewe.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kinanitazama, hakina macho."

Nikasema mwezi. Nikasema nyungu. Hapana. Safari hii nilishindwa kweli. Bibi, kando yangu, akaacha kusaga mtama, naye akajaribu, akashindwa.

"Haya, chukua Gitega," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Nikangoja mbuzi. Nikamwongeza Muyinga. Nikamwongeza Bujumbura. Nikarudi Tanzania nikamchukulia Ngara, Kibondo, Kigoma, mpaka miji niliyoijua ikaisha. Bibi akainuka, akaingia jikoni. Nilimsikia akimwita kwa jina, tena na tena, na hakuna aliyeitika.

Siku hizi wanangu wamechanjwa, namshukuru Mungu. Wakiugua homa nawaacha ndani, nao wanashika simu; kitendawili hawakijui, na wa kuwafundisha nimebaki mimi tu. Bibi hayupo, mama hayupo. Niliowauliza jibu wananiambia ni tundu la ukuta wa jiko, lililopitisha jua mpaka gizani alikolala. Huenda. Lakini kwa sheria yetu jibu hulitoa aliyetega, na mtu akishapewa mji hana ruhusa ya kunyamaza.