Kindoo cha Kupimia Pombe

Ukikaa na Maximiliana dakika tatu, lazima uondoke na undugu. Atakuuliza baba yako ni nani, mama katoka wapi, babu yako alichunga ng'ombe upande gani wa Maswa, na kabla kiti hakijapata joto mtakuwa mmeshakuwa binamu. Wenzake kazini humtania kwamba akipelekwa Ulaya atakuta shangazi yake anamsubiri uwanja wa ndege. Yeye hucheka nao, ila moyoni anajua kwamba undugu huo ndio jembe lake la kazi.

Kazi yenyewe iko Somanda, mjini Bariadi, kwenye nyumba ya vyumba vinne iliyopangwa na mradi wa utafiti. Mradi unajaribu dawa na ushauri kwa watu ambao pombe imewashinda kuiacha. Maximiliana, baada ya miaka thelathini ya uuguzi wodini na kustaafu kwa keki na hotuba, aliitwa kushika mlango. Ndiye anayewauliza watu maswali ya awali, ili ijulikane nani anafaa kuingizwa kwenye utafiti, nani tatizo lake halijafikia hapo, na nani yuko hoi kiasi kwamba aende hospitali kwanza.

Swali lililowasumbua tangu mwanzo lilikuwa dogo: unakunywa kiasi gani? Dodoso lilitaka idadi ya glasi. Sasa niambieni, nani Simiyu anakunywa kwa glasi? Pombe ya mtama inazunguka kwenye kata, mnapokezana mkimaliza kulima shamba la mwenzenu, na gongo linashuka kwa kichupa. Kwa hiyo wote walijibu "kidogo," anayeonja Krismasi na anayerudi nyumbani bila viatu. Maximiliana akachoka. Akaleta kutoka kwake kata, kopo la plastiki, kichupa, na kindoo cha lita tatu kilichojaa maji. "Usiniambie," akawa anasema. "Nimiminie. Anza na jana, urudi nyuma mpaka siku saba zitimie." Mtu anamimina, yeye anapima kwenye jagi lenye mistari, anaandika. Majibu yakabadilika ndani ya wiki moja. Dokta Fredrick, mkuu wa mradi, akaingiza mtindo huo kwenye mwongozo wa kazi, bila kutaja jina la aliyeubuni, jambo ambalo Maximiliana hajalisahau hadi leo.

Na kwa yule aliyeona haya, alikuwa na methali yake: mficha uchi hazai.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, pamba ikiwa inavunwa, alifika mwanamume wa Kasoli aitwaye Nyanda, amefuatana na mkewe Milembe. Nafasi za utafiti zilikuwa zimebaki mbili, na milango ilikuwa inafungwa Ijumaa. Milembe alibaki barazani. Alikuwa amekwishasema lake nyumbani, mara moja tu: msimu huu pamba imeliwa na wadudu kwa sababu mwenye kupulizia dawa alikuwa amelala kilabuni, na mume huyo akikosa matibabu, yeye anawachukua watoto na kurudi kwa mama yake. Nyanda alimjua mkewe. Hasemi jambo mara mbili.

"Mwangaluka," Maximiliana alimsalimu.

"Mwangaluka, mayu," Nyanda aliitikia, akimwita mama.

Akamkaribisha kiti, na safari ya undugu ikaanza. Baba yako nani, mkeo binti wa nani. Nyanda akasema mama mkwe wake ni Anyesi, wa Binza, kule Maswa. Maximiliana akapiga makofi kwa furaha.

"Anyesi huyu mwenye mwanya? Huyo ni mtoto wa baba yangu mdogo. Tumekua nyumba moja. Basi mimi ni mkwe wako, baba."

Nyanda alivua kofia. Kisha, polepole, akakigeuza kiti upande, akawa anatazama ukuta wenye kalenda.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama mhojiwa ni ndugu wa damu wa mhoji. Maximiliana alikitazama, akaweka alama kwenye "hapana." Mkwe si damu. Alikuwa na haraka pia, maana habari za Anyesi zilikuwa zimemjaa kichwani na alitaka amalize kazi ampigie simu. Akamsogezea Nyanda kindoo na vyombo. Nyanda akachukua kichupa kidogo kuliko vyote, akamimina nusu.

"Hiyo ni jana?"

"Ni wiki nzima, mayu."

Maswali mengine yote yalijibiwa hivyohivyo, macho kwenye kalenda. Hapana. Mara chache. Sijawahi. Alama zikawa sita, na zilizotakiwa ni kumi na tano. Maximiliana akaandika kwamba hajafikia kigezo, akampa pole ya kushughulika na pongezi ya kunywa kwa kiasi. Nyanda akashukuru, "wabeja," akatoka akiwa ameinamisha kichwa, akapita mbele ya mkewe bila kusimama, akaelekea barabarani.

Maximiliana alipochukua kitambaa kufuta meza ndipo alipoona. Maji yaliyomwagika mezani yalikuwa mengi kuliko yaliyoingia kwenye kichupa. Miaka thelathini ya wodi, na mkono unaotetemeka vile kwa kukosa pombe saa tatu asubuhi ulikuwa umepita mbele ya macho yake akiwaza mwanya wa Anyesi.

Milembe alikuwa amesimama mlangoni; habari za undugu zilikuwa zimemfikia barazani.

"Mama mdogo, umeandika nini?"

"Siruhusiwi kukwambia, mwanangu."

"Basi nitasema mimi. Mwezi uliopita nilimtoa kilabuni kwenye mkokoteni wa ng'ombe, watoto wanatazama. Leo katembea mwenyewe kuja hapa, sikumvuta. Nimekusikia ukiwaambia watu barazani, mficha uchi hazai. Ni kweli. Ila nani anavua mbele ya mkwe wake?"

Maximiliana alikaa kwenye kiti kile kilichogeuzwa. Aliona aibu, ile inayopanda na joto mpaka masikioni. Undugu aliokuwa akiutumia kufungua midomo ya watu, leo ameutumia kuufunga mmoja, tena uliokuja wenyewe kusema. Mzaliwa wa Binza, mke wa Msukuma, mama mkwe wa wanaume watatu ambao hata chakula hawali mbele yake. Fomu iliandikwa na watu wa mbali, wasingejua. Yeye alijua.

Mwongozo ulisema aliyekosa kigezo asipimwe tena mpaka siku thelathini zipite. Kulikuwa na mlango mmoja tu: kama kosa ni la mtumishi, liandikwe kwa jina, wakuu waamue. Katika miaka miwili Maximiliana hakuwa na kosa hata moja kwenye faili lake, na kila mtu ofisini aliwahi kuambiwa hivyo na yeye mwenyewe. Akaandika. Akampelekea Dokta Fredrick, aliyesoma karatasi mara mbili.

"Lakini mama, fomu umeijaza sawasawa. Mkwe si ndugu wa damu."

"Fomu iko sawa, dokta. Niliyekosea ni mimi."

Daktari, ambaye ni mtu wa Kilimanjaro na amewahi kumpa mkono mkwewe bila dunia kupasuka, ilibidi aelezwe kwa nusu saa. Kisha akapiga simu kwa wakuu wake Mwanza, akatuma barua, wakasubiri. Jibu lilikuja Jumatano jioni: arudiwe, na mtu mwingine.

Mtu mwingine alikuwa Method, kijana mpole wa miaka ishirini na saba ambaye hajawahi kumuuliza mtu ukoo wake. Alhamisi asubuhi walipanda bodaboda mbili kwenda Kasoli, maana simu ya Nyanda ilikuwa imezimwa tangu juzi. Kindoo, kata, kopo, kichupa na jagi vilikwenda na Method. Maximiliana aliteremka mbali, kwenye ghala la pamba, akapita nyuma ya nyumba akiwa amejitanda khanga mpaka usoni kama anayekwepa mvua, na jua lilikuwa linawaka. Milembe alimpokea jikoni. Wakakaa chini wakamenya karanga, na kati yao na sebule kukawa na ukuta wa udongo.

Maneno hayakusikika, na hakuyategea sikio. Ilisikika sauti ya Method, fupi, kisha kimya kirefu. Maximiliana alimenya karanga tatu bila kula hata moja. Aliwaza kwamba labda amechelewa, kwamba mtu akishaambiwa na mkubwa kuwa hana ugonjwa, atajiamini kwa lipi tena.

Kisha maji yakaanza kumiminika.

Yakamiminika, yakakoma, yakamiminika tena. Kata kwenye jagi, jagi likimwagwa kwenye beseni. Milembe aliacha kumenya. Sauti ya Nyanda ilisikika sasa, nzito, haina mapumziko, kama mtu anayetua mizigo mmoja baada ya mwingine, na maji yakiifuata kila inapotua. Maximiliana alijikuta analia na hakujifuta, maana mikono ilikuwa na maganda.

Baada ya muda mlango wa jikoni ukasukumwa kidogo. Method alichungulia, shati limelowa tumboni, mkononi ameshika kindoo kitupu.

"Samahani, dada Milembe," alisema. "Naomba maji mengine."

Milembe aliinuka, akakipokea, akaenda kwenye pipa kukijaza mpaka juu.