Pua ya Babu na Wajumbe Wake

Kazi yangu ni kuchonga watu ndani ya kompyuta, watu wa katuni na matangazo. Ukoo wangu wote, kuanzia Vugiri hadi Mkata, unaiita "kuchezea mashine". Babu alipofariki akaacha picha moja tu, ile ya kitambulisho iliyofutwa na jasho la mfukoni, ghafla nikawa fundi.

Aliyeomba ni bibi. Daktari alikuwa amemwambia macho yake hayana muda mrefu, naye akasema angependa kumwona mume wake kabla hayajazimika. Hakuomba kingine. Ukoo ukaona jambo zito namna hiyo haliwezi kuachiwa mjane peke yake, ukaitisha kikao.

Wajumbe walikusanyika nyumbani kwetu Korogwe Jumapili baada ya ibada, wakamaliza chai yote, wakaanza kumrekebisha marehemu, niliyekuwa nimemchonga kwenye kompyuta kutokana na picha ile. Shangazi alisema pua ilikuwa ndefu zaidi. Ndefu kiasi gani? "Kama hii," akajigusa ya kwake. Nikaivuta. Baba mdogo, aliyepanda basi kutoka Mkata kwa ajili ya kidevu tu, akasema mzee alikuwa na kidevu cha mwanamume, kisha akageuza uso ili tukione. Nikakivuta nacho. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi watu wa milimani hata chombo hatuna.

Sasa, uso wa kompyuta ni wavu wa vipande vidogo, poligoni. Ukivuta pua, vipande haviongezeki. Ni vile vile vilivyopo vinavyotanuka, kama fulana iliyorithiwa na kaka wanne. Kwa mbali pua inapendeza. Jaribu kuichora kunyanzi, mstari unatoka umekatikakatika, maana hakuna vipande vya kuushika. Dawa yake ni kuupanga wavu upya mpaka vipande vilingane, ndipo uendelee. Ila ukiupanga, vitu vidogo ulivyokwisha kuchonga vinafutika. Niliwaeleza haya yote kwa adabu. Shangazi akauliza kama hiyo ndiyo sababu sijaolewa.

Basi nikawa napanga, mikunjo ya paji inafutika, shangazi analalamika kwamba nimemfanya baba yake kijana wa kipaimara. Nairudisha mikunjo, baba mdogo anakumbuka jambo jipya kuhusu kidevu. Kisogoni sikushughulika nako. Kila nilichokivuta mbele kilikuwa kimeburuta wavu wa nyuma, shingo ikabaki na vipande virefu kama mabua. Nikakuacha hivyo hivyo. Nani angemtazama marehemu kisogoni?

Alasiri wajumbe waliridhika, yaani walichoka. Nikamkalisha bibi mbele ya kioo cha kompyuta. Akasogeza uso karibu kabisa, akaitazama pua ya shangazi, akakitazama kidevu cha baba mdogo.

"Ndiye, mama?" shangazi akauliza.

"Sijui," bibi akasema. "Mgeuze."

Nikamgeuza upande kidogo.

"Mgeuze kabisa, mjukuu wangu."

Nikamgeuza, na aibu zangu zote zikawa mbele ya ukoo.

"Mnanihoji pua," bibi akasema. "Pua ya baba yenu niliitazama saa ngapi? Sokoni tulishuka na kupanda, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na mkungu kichwani. Akikaa kula, mimi niko jikoni. Mimi namjua huku."

Shangazi akaanza kukusanya vikombe. Baba mdogo akakumbuka basi lake. Mimi nilimkasirikia babu, na nilikuwa nampenda sana mzee yule, nikaupanga upya wavu wa kisogo nikiwa na hasira hiyo hiyo. Huko hakukuwa na cha kupoteza. Vipande vilipolingana, bibi akaanza kunielekeza, na safari hii sikuvuta, nilisukuma kidogo kidogo. Mikunjo miwili ya shingo. Sikio moja lililosimama kuliko lingine. Kovu la jipu chini ya nywele, ambalo hakuna mtoto wake hata mmoja aliyelijua.

"Bega la kulia lishuke. Hapo. Usiliguse tena."

Nikasikia anapumua kama mtu anayepanda mlima.

"Ndiye," akasema. Akagusa kioo kwa kidole. "Mwambie apunguze mwendo."