Kifuniko cha Rejeta Nilichokifungua Mwenyewe

Naitwa Masanja, baba yake Minza. Madereva wenzangu, nimesimama hapa nikiwa mzima na namshukuru Mungu. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana kuna mambo sikuyasema mapema.

Nilikuwa naendesha Kenta, lori dogo, nabeba dagaa wakavu kutoka Nkome kwenda Geita, na mara nyingine nafika mpaka Shinyanga. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Kulwa, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa anakaa kiti cha mbele, anafuma vitambaa safari nzima.

Wiki moja kabla ya ajali, rejeta ilianza kupungua maji bila kuvuja popote. Fundi alinionyesha mapovu kwenye yale maji, akasema, "Gasketi imeungua. Usilitoe gari hapa mpaka nifungue injini." Nikamwambia nitarudi kesho. Sikurudi. Nikawa natembea na dumu la maji.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, tumejaza mzigo. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Niliuona. Nikaendelea kukanyaga mafuta, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa nyuma yetu na turubai langu lilikuwa limechanika. Tulipoanza kupanda mlima, injini iligonga, ikaisha nguvu, ikazimika. Usukani ukawa mzito. Nikalisogeza gari pembeni kwa shida, tukashuka, nikainua kabini ili niifikie injini. Mvuke ulikuwa unafoka.

Mama Kulwa akaja na dumu. "Baba Minza, ngoja ipoe."

"Mvua itatukuta."

"Dagaa ni wangu. Wakilowa nitawaanika tena."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia afume vitambaa vyake, gari aniachie mimi. Nikakunja tambara, nikazungusha kifuniko cha rejeta.

Kwanza nilisikia mlio tu. Kisha maji yanayochemka yakanipiga usoni, shingoni, kifuani na mkono wa kulia. Shati liliganda mwilini, na nilipolivuta, ngozi ikaja nalo. Mama Kulwa alikuwa amesimama karibu yangu na dumu lake. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema taratibu, "Jicho langu. Jicho langu."

Wasamaria wema walitupeleka hospitali. Uso wangu ulivimba mpaka macho yakaziba, nikawa nanywa kwa mrija. Kila walipobadilisha bendeji, muuguzi alizimwagia maji ya chumvi ili zibanduke, nami nilikuwa nauma shuka. Baadaye daktari alichukua ngozi ya pajani akaipandikiza mkononi. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Nilianza upya kujifunza kushika kikombe, kama mtoto.

Siku ya tatu mume wa Mama Kulwa alikuja kitandani kwangu. Akanipa pole, akauliza, "Ilikuwaje?"

Nikasema, "Kifuniko kilipasuka chenyewe."

"Basi, upone," akasema. Tangu hapo kila asubuhi alileta uji chupa mbili, moja ya mkewe wodi ya wanawake na moja yangu. Alininywesha kwa kijiko. Nilikunywa, wiki baada ya wiki, huku nikijua kwamba jicho la kushoto la mkewe halitaona tena.

Niliporuhusiwa, watu walikuja nyumbani kunipongeza na kuniombea. Kila mmoja alisema ilikuwa ajali. Nilitikisa kichwa kukubali. Mke wangu aliniuliza, "Mbona umepona lakini huna raha?" Nikamweleza yote. Akasema, "Nenda kwao. Usinitume mimi."

Nilikwenda. Niliwakuta Mama Kulwa na mumewe wamekaa uani. Nikawaambia kwamba fundi alinikataza, mshale niliuona, na mama alinisihi ningoje. Kifuniko nilikifungua kwa mkono wangu.

Baba Kulwa akasema, "Mke wangu aliniambia siku ileile."

Nikashindwa kumtazama. "Sasa mbona uliendelea kuniletea uji?"

"Ulikuwa huwezi kushika kijiko."

Mama Kulwa aligeuza shingo ili anione kwa jicho zima. "Nimengoja sana useme," akasema. "Bado sijakusamehe yote. Kaa ule."

Nikakaa, nikala.

Nawashukuru madaktari, wauguzi, mke wangu, na nyumba ile ambayo sikustahili wema wake. Gari likichemsha, simama, zima, kaa mbali, ngoja injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko. Fundi akikukataza, tii. Aliyepanda gari lako akikwambia ngoja, ngoja. Na kama umemuumiza mtu, mwambie mapema, kabla hajaanza kukungoja useme.

Leo asubuhi nilimuuliza Mama Kulwa kama naweza kumtaja mbele yenu. Akasema nimtaje, ila nisipunguze hata neno moja. Sijapunguza.