Turubai la Kuanikia Dagaa

Kwenye mitumbwi ya wavuvi huku kwetu Geita, abiria wa upande wa upepo ndio wanaoshika turubai. Pindo la chini unalikalia, la juu unalivuta mpaka begani, na maji yanayoruka yanaishia hapo. Siku ya harusi ya binamu yangu kisiwani, kazi hiyo iliniangukia mimi na kitenge changu kipya. Nikagoma. Turubai lenyewe ndilo wanaloanikia dagaa!

“Mama, shika tu,” nahodha akacheka, “la sivyo tunalowa wote.”

Nikashika huku nimenuna. Tulifika wakavu kabisa, nikajisifu kuliko wote. Ila harusini paka wa wenyeji alinikalia mapajani, na hakubanduka mpaka keki inakatwa.