Kitunga cha Utupa Nilichokificha

Ile siku niliyomwaga utupa mtoni ninaikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia ukibishana na wenzako, eti nchi zenye mabomu ya nyuklia ndizo zinazolinda amani. Moyo uliniuma, maana maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitutawala, hapa hapa Lweba, katika Fizi yetu. Sisi tulikaa upande huu wa mto, watu wa mzee Lubunga upande ule, na tuligombania mahali mto unapoingia ziwani, penye samaki wengi. Utupa unaujua: majani yake yakipondwa na kumwagwa majini, samaki wanalewa na kuelea. Basi kila upande ulipanda utupa nyuma ya nyumba, makusudi uonekane. Mkimwaga nasi tunamwaga. Ndivyo tulivyoishi, na tulijiona tuna akili sana.

Mimi nilikuwa kijana mwenye mke, na kichwa kigumu ajabu. Nikawaambia wenzangu twende sehemu ya juu ya mto tukajaribu kitunga kimoja, ili wa ng'ambo waone na waogope. Jaribio tu, nikasema. Ee Mungu wangu! Kufika mchana samaki walikuwa wameelea mpaka ziwani, wakubwa kwa wale wadogo wasiofaa hata kuliwa. Bamama wa pande zote mbili wakaitoa mihogo waliyoiloweka mtoni, wakaitupa. Mtoto wa dada yangu Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, alikunywa maji yale akatapika mpaka jioni. Alipona, lakini Bahati hakunisemesha mwezi mzima, na nilistahili.

Baba yangu, mzee Etabo, alikuwa amepeleka ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Baraka. Huko, kwa mwalimu mmoja wa misheni, alisikia redio ikisema kwamba taifa kubwa limejaribu bomu kwenye bahari ya mbali, na majivu yake yamewaangukia wavuvi ndani ya chombo chao, wakaugua. Alirudi kesho yake na habari hiyo moyoni, akakutana na habari yangu mlangoni. Hakunipiga. Alikaa chini, akanisimulia ya redio, kisha akaniuliza:

"Bale batu balikuwa banavua tu, sawa siye. Balikosea nani?"

Nikasema sijui.

"Na mutoto wa Bahati, yeye alikosea nani?"

Asubuhi baba alivuka mto peke yake, mikono mitupu. Siku ya kwanza walimtukana. Siku ya pili Lubunga alimpa kiti. Siku ya tatu walikula bugali kwenye sahani moja, wakakubaliana: utupa wote ung'olewe, uliopondwa uchomwe ukingoni watu wote wakiona, kisha kila upande uende kukagua nyumba na mashamba ya wenzao.

Tukang'oa, tukachoma. Lakini mimi sikuamini. Nikaficha kitunga kimoja cha utupa mkavu juu ya dari ya jiko letu. Je, wao wakiwa wametudanganya? Nani atatulinda? Siku ya ukaguzi walitangulia wao kuja kwetu, na baba aliapa mbele ya watu kwamba kwetu hakuna kilichobaki. Watu wa ng'ambo wakapita nyumba kwa nyumba. Walipofika kwetu, Lubunga akawazuia.

"Mu nyumba ya Etabo hatuingii. Neno yake inatosha."

Wakapita. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ile nilimwambia baba. Machozi yalimtoka, naye hakulia hata siku tuliyomzika mama. Akaniambia, "Kesho utaibeba we mwenyewe, utamupelekea Lubunga."

"Baba, bataniua."

"Inawezekana. Lakini bakijua kama mi niliapa uongo, tutakufa bengi."

Nilivuka maji yakinifika kiunoni, kitunga kichwani. Vijana wa ng'ambo waliponiona walikimbilia mapanga. Lubunga akawasimamisha kwa mkono.

"Nani alikutuma?"

"Ni baba. Yeye aliapa bila kujua. Mi ndiye nilificha."

Akasema, "Sasa tafuta kwetu. Ingia kila nyumba."

Sikutaka, akanilazimisha. Basi nikaingia. Nilipanda kila dari, nikainua kila mkeka. Nilikuta nyavu, nilikuta mama mzee mwenye homa, nilikuta watoto wanakula sombe, yaani kisamvu, wakanikaribisha. Utupa sikuona hata jani moja. Walikuwa wameuchoma wote, siku ile ile waliyoahidi. Kumbe mwenye sumu nilikuwa mimi peke yangu! Mara ngapi nilikosa usingizi nikiwaogopa watu wasio na kitu! Nililia pale pale uani kwao, mwanamume mzima, na hakuna aliyenicheka. Lubunga akanielekeza kwenye moto uliokuwa ukiwaka kando, nikakimwage mwenyewe.

Sasa nisikilize. Usiseme mambo ya mabomu hayatuhusu sisi wa Fizi. Mawe ya urani yaliyotengenezewa bomu la kwanza yalitoka katika udongo wa Katanga, katika nchi yetu hii. Usikubali kuambiwa kwamba ni jaribio tu, kwa maana anayeugua kwa jaribio haugui nusu. Anayesema "wao waanze kuyaharibu" ni mimi yule, na kitunga changu juu ya dari. Wakubwa wa dunia wavuke, wakae, watukanane kama ni lazima, lakini wasiondoke kwenye viti mpaka wamekubaliana. Kisha wayaharibu mabomu hadharani na kufunguliana milango. Nawe, popote utakapopewa nafasi ya kusema, sema hivyo bila kuona haya, hata wakikuita mwoga. Nilipovuka na kile kitunga ndipo nilipohitaji ujasiri; nilipokificha sikuhitaji wowote.

Mungu akupe macho ya kumwona wa ng'ambo kuwa mtu. Watoto wako wanywe maji popote walipo bila wewe kushtuka, na siku ukikosea, akupe mtu wa kukuonya kama baba yangu alivyonionya. Nenda na amani, mwanangu.