Viatu vya Shituru vilivyomfungisha Georgette mlango

Saa nne asubuhi, jua la Likasi, kusini mwa Kongo, limeshaanza kuuma, lakini Georgette Kabedi anachora huku mlango umetiwa komeo. Ukibisha, anauliza jina lako, kisha anauliza umetumwa na nani. Mwandishi huyu alijibu maswali matano kabla ya kupewa kiti.

"Usikasirike," anasema. "Siku hizi miye nachunga kila muntu. Hata weye."

Georgette, mwenye umri wa miaka 48, ni mchoraji wa mtaa wa Shituru. Huchora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akikifua na kukipaka rangi nyeupe kwanza. Mchoro mmoja humchukua wiki mbili na kumpatia faranga 60,000 hivi. Wateja wengi wanataka Bikira Maria au chui, naye huwachorea bila kinyongo.

Mwaka huu alichora kitu kilichokuwa kikimkereketa moyoni. Kwenye kiwanda cha shaba anakofanya kazi mdogo wake, Hervé, wazungu hupita lango kubwa bila kuguswa. Wakongo, hata mhandisi mwenye shahada yake, hupita mlango mdogo, huvua viatu na kupekuliwa kama wezi. Kiwanda chenyewe ameomba kisitajwe.

Mchoro wake hauna mtu hata mmoja. Kuna lango pana, liko wazi, na pembeni mlango mwembamba wenye msururu wa viatu vya kazi. Basi. Majirani waliuelewa bila kuelezwa.

"Nilichora paka viatu," anasema, yaani viatu tu, "sababu bantu basijulikane."

Lakini mkono una mazoea yake. Ulichora kiatu cha Hervé kama kilivyo, kimeshonwa ubavuni kwa waya wa shaba. Na Likasi, Mkongo mwenye waya wa shaba mguuni ana maswali ya wizi ya kujibu, hata kama aliuokota jalalani.

Wiki iliyopita akaja bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, akajiita mpenda sanaa. Hakuutazama mchoro wote. Hakupunguza bei hata faranga moja. Aliinama, akaweka kidole kwenye kiatu kile, akauliza ni cha nani.

Jamani, mpenda sanaa gani asiyepatana bei? Georgette, akihisi ametumwa na kiwanda, alimwambia rangi haijakauka, arudi baada ya siku saba. Rangi ilikuwa imekauka tangu mwezi uliopita.

Hervé, baba wa watoto watatu, alimsihi auchome mchoro siku ile ile. Walizozana hadi wote wawili wakalia. Georgette anakiri kwamba aliogopa, na bado anaogopa. Kazi ya mdogo wake ikipotea, yeye ndiye aliyeipoteza.

"Nilimuambia, tukichoma, basi batatuvulisha viatu hata mu nyumba yetu," anasema.

Hervé akavua kiatu chake na kukiweka mezani ili dada yake autazame vizuri ule mshono wa waya.

Ndiyo kazi inayofanyika nyuma ya komeo. Kwa brashi nyembamba, Georgette anamalizia kiatu cha thelathini na moja, cha mwisho. Jumapili anataka kuutundika mchoro nje ya ukumbi wa parokia. Lakini kwanza kuna mgeni wa kesho.

"Akiuliza tena ile kiatu ni ya nani, nitamuambia: chagua, baba. Yote iko na waya."