Ukucha wa Mthamini

Huyu mthamini wa mashine kuukuu hashuki kwenye pikipiki yangu, anajiburuza. Toka Manyoni mpaka Kilimatinde haongei, na akifika kwa watu, baada ya salamu haombi hata maji, anauliza tu mashine iko wapi. Ikiwa ni mashine ya kukereza vyuma, ataizunguka, atakwangua rangi pembeni mpaka namba ya kiwandani ionekane, kisha atapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya reli zake, zile njia za chuma ambazo kisu huteleza juu yake, taratibu, macho kayafumba. Ukucha ukikwama, reli imelika. Hapo anashusha pumzi na kusema, "Pole. Hii iuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu." Wenye mashine wanamchukia, na siwalaumu.

Jana kwa Mama Theresia, mjane wa fundi wa misheni, ukucha ulikwama mara mbili. Nikatoa funguo ya pikipiki mfukoni, nikasubiri ile pole yake. Haikuja. Alikuwa ananusa kidole.

"Mama, mafuta haya ni mapya. Nani anapaka?"

"Mimi, baba. Marehemu aliniachia neno isishike kutu. Kuiwasha ndiyo sijui."

Mthamini akajifuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja.

"Wanunuzi wa chuma chakavu wakija, waambie imeshapata mtu."

"Mtu gani huyo?"

"Ndiyo naenda kumtafuta," alisema, akapanda pikipiki kwa tabu, kama mtoto aliyetoka kisimani akatumwa tena.